Hiyo Orijino ya Nani?

Rafiki yangu aliwasha grainda, nami nikaweka kiganja changu juu ya kiraka. Ugomvi wetu ulianzia hapo, na ulitugharimu majuma sita ya kununiana.

Kiraka chenyewe hakina uzuri wowote. Ni kipande cha bati la pipa la mafuta, ukubwa wa sahani ya kulia wali, kimechomelewa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kingo zake zimejikunja. Ukikwangua rangi unaona herufi mbili za jina la kampuni iliyouza hayo mafuta. Kiko kwenye Land Rover 109, Series III, ambayo mimi na mwenzangu tunaifufua kwa mwaka wa pili sasa katika gereji moja ya Moshi. Tunachangia kutoka kwenye mishahara yetu, na kila mwisho wa mwezi wake zetu wanatuuliza hilo gari litatembea lini.

Mwenzangu alitaka kiraka kikatwe na ukuta mzima uagizwe Uingereza, ambako kuna watu wanaotengeneza upya karibu kila kipande cha magari hayo. "Tunairudisha orijino, kaka," aliniambia. "Kama ilivyotoka kiwandani." Nilipokataa, akanitandika na methali: mwacha asili ni mtumwa.

Naandika kuipinga hiyo "kama ilivyotoka kiwandani". Naipinga kwa sababu nimeisikia kwa kila kijana wa rika letu anayenunua gari kuukuu, awe anafufua Pijo 504 ya marehemu babu yake au Datsun iliyokuwa ikifugiwa kuku. Naipinga pia kwa sababu hata mimi niliisema, mwaka mzima, kabla sijafikiri ina maana gani.

Unazijua zile video. Gari linaingia likiwa kutu tupu, majani yameota kwenye kiti cha dereva. Dakika ishirini baadaye linatoka likimeremeta, na mwenye gari anashikwa na kilio. Katikati umeona mikono inayosugua, inayochomelea na inayopiga rangi, lakini mwenye mikono hukumwona uso wala hukuambiwa jina. Sifa zote zimekwenda kwa mwenye funguo. Kipimo cha kazi ni kimoja: limefanana kiasi gani na siku ile lilipotoka kiwandani? Huko Ulaya kipimo hicho kina bei yake kabisa. Namba ya injini ikilingana na kumbukumbu za kiwanda, gari linauzwa ghali zaidi mnadani. Isipolingana, thamani inashuka, hata kama hiyo injini ya pili ndiyo iliyolibeba kwa miaka arobaini.

Nilikuwa Arusha Oktoba 2024, siku Land Rover kutoka pande zote zilipokusanyika kwa tamasha. Nilifurahi kama mtoto. Lakini niliwatazama watu wakipiga picha, nikajitazama na mimi. Sote tulizikimbilia zile zinazong'aa. Zile zilizobonyea, zenye milango ya rangi tatu, ambazo wiki ile ile zilikuwa zimebeba watalii au mahindi, tulizipita.

Basi tuulizane. Hiyo orijino ni ya nani, na ilianzaje?

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Chuma kiligawiwa kwa mgao. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani, masalio ya vita, aliyoitumia kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Akajiuliza atafanyaje Jeep hiyo ikimfia. Inasimuliwa kwamba alichora gari lake la ndoto kwenye mchanga wa ufukwe. Gari la kwanza la majaribio liliundwa juu ya chesisi ya Jeep. Bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma hakikutosha. Paneli zikaachwa bapa ili zikunjwe kirahisi bila kununua mashine ghali za kuzifinyanga. Rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilikuwa masalio ya jeshi. Gari likaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na wenyewe walilitarajia kuwa la kuzibia pengo miaka michache, mpaka soko la magari yao ya kifahari lirudi. Uzao wake uliendelea kutengenezwa hadi Januari 2016.

Soma tena aya hiyo taratibu. Chesisi ya kuazima, bati la kubahatisha, rangi ya masalio, mchoro kwenye mchanga. Land Rover ni gari la njaa. Ni kiraka kilichofanikiwa. Waingereza walipobanwa na uhaba wakaunganisha walichonacho, dunia ikaita ubunifu, ikaweka makumbusho. Fundi wa Moshi alipobanwa na uhaba akaunganisha alichonacho, sisi wenyewe tunaita uchakachuaji, na tunawasha grainda.

Maana uhaba ulitufikia na sisi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda duniani, fedha za kigeni zilikauka. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini mikanda ilikaa imefungwa kwa miaka. Wazazi wetu walipanga foleni ya sabuni. Magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Katika hali hiyo, nani angeagiza spea ya Land Rover kutoka Uingereza? Gari likiharibika, lilitengenezwa kwa kilichopo au lilioza.

Hili la kwetu lilikuwa la baba yake rafiki yangu. Mzee yule alikuwa bwana shamba, akalinunua mnadani mwaka 1982, likiwa tayari limechoka. Alilitumia kuzunguka vijiji vya mlimani. Lilibeba miche ya kahawa, mbolea, ndizi za watu, maiti mara kadhaa, na angalau mtoto mmoja aliyezaliwa nyuma kabla ya kufika hospitali. Liliwekwa juu ya mawe miaka kumi kabla mwenyewe hajafariki mwaka 2019.

Tulipoanza kulifungua tulidhani tunatoa uchafu. Tulikuwa tunafungua nyaraka. Bawaba ya mlango wa kushoto ilikuwa na pini iliyokatwa kwenye nondo. Kibao cha betri kilikuwa kimetengenezwa kwa chuma cha kitanda. Mpira unaozuia mtikisiko wa injini ulikuwa matabaka ya tairi la lori, yamekatwa kwa kisu na kufungwa kwa bolti moja katikati. Gasketi ya kabureta ilikuwa karatasi ngumu ya boksi, na ukiitazama vizuri unaona alama za nyundo pembeni. Ndivyo gasketi inavyokatwa pasipo vifaa: unaweka karatasi juu ya chuma, unagongagonga taratibu kwenye kingo mpaka umbo lijitoe lenyewe. Ndani ya pampu ya maji tulikuta bushi ya shaba iliyokerezwa kwa mashine, imekaa barabara mpaka leo. Aliyeikereza hakuwa na kitabu cha vipimo. Alikuwa na kile kilichovunjika mkononi, na jicho.

Halafu kile kiraka. Fundi wetu, mzee wa miaka sitini na ushee, alitueleza siku moja jinsi viraka vya namna ile vilivyowekwa. Pipa tupu la mafuta haliguswi na moto, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Unalijaza maji kwanza, unalikata kwa tindo na nyundo, masikio yanakulia kutwa nzima. Kisha unachomelea kwa gesi unayoipika mwenyewe kwa kabaidi na maji, kwa sababu mitungi ya gesi haipatikani. Bati la pipa lilipendwa kwa kuwa unene wake unakaribiana na ule wa bodi. Alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, hapa moto, hapa bati, hapa unaacha nafasi, na mimi nikamkumbuka Bwana Wilks na mchanga wake.

Sasa rudi kwenye methali aliyonitandika nayo rafiki yangu. Mwacha asili ni mtumwa, sawa. Asili ipi? Gari hili liliishi kiwandani siku chache. Liliishi Kilimanjaro zaidi ya miaka thelathini. Nenda Nungwi ukawatazame mafundi wakikalafati jahazi. Ubao ukioza unatolewa, unapigwa mwingine, pamba na mafuta vinashindiliwa kwenye mianya, na baada ya miaka mingi huenda hakuna ubao wa kwanza uliobaki. Hakuna mvuvi atakayekwambia jahazi lake si orijino. Anakwambia limekwenda wapi, na nani alilikalafati. Kwa nini gari tulihukumu kwa sheria nyingine?

Najua utakaloniuliza, kwa sababu rafiki yangu aliniuliza, na alikuwa na haki. Mwezi wa tatu wa kazi tulifuata bomba la breki kutoka mbele kwenda nyuma. Bomba la tairi moja lilikuwa limekatwa, likapondwa kwa nyundo na kukunjwa ili mafuta ya breki yasivuje. Yaani gari lilikuwa likishuka mlimani, limejaa watu, kwa breki za matairi matatu. "Na hii nayo tuihifadhi?" aliniuliza. "Tuiwekee kioo?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya kuwa nalo. Bomba lile tulilitupa siku hiyo hiyo, tukafunga jipya la kuagiza, na ningefanya hivyo tena. Kuna ufundi wa uhaba uliookoa maisha, na kuna uhaba uliocheza na maisha ya watu. Atakayekwambia kila kilichofanywa na fundi wa mtaani ni kitakatifu hajawahi kushuka Marangu na gari lililojaa. Breki, usukani na chesisi haviko kwenye mjadala huu. Lakini angalia jinsi hoja hiyo inavyotumika. Tunaonyesha bomba moja la breki, kisha kwa jina lake tunang'oa pini ya nondo, bushi ya shaba na kibao cha betri, vitu ambavyo havikuwahi kumdhuru mtu na vingine vimedumu kuliko vya kiwandani. Usalama ni sababu ya kubadilisha breki. Haiwi sababu ya kufuta historia ya mlango.

Ila kiraka hakikuwa suala la usalama, wala la bei. Hilo nilikuja kulielewa baadaye, na sikulielewa kwa akili yangu.

Katika yale majuma ya kununiana, dada yake rafiki yangu alinisimulia jambo. Mwaka 1994, mwenzangu alipokuwa darasa la tano, wenzake walilipa gari la baba yake jina: Kiraka. Likisikika linapanda kilima, shule nzima inaimba. Mlango wa upande wake ulikuwa ukifungwa kwa mpira wa manati, na kushuka ilibidi baba azunguke amfungulie kutoka nje, mbele ya watoto wote. Siku moja akamwomba baba yake awe anamshusha mbali, kwenye mti, kabla ya geti. Baba hakuuliza kwa nini. Kuanzia siku hiyo alimshusha kwenye mti mpaka alipomaliza la saba.

Sasa unaona nilikuwa nimeweka mkono wangu juu ya nini.

Mimi nilikuwa natetea historia ya nchi. Yeye alikuwa anataka kumpa baba yake, kwa kuchelewa, gari ambalo mtoto asingelionea haya. Ningeweza kuishia hapa na kusema basi, alikuwa na haki, kila mtu na uchungu wake. Sisemi hivyo. Nasema kwamba aibu ile ndiyo adui hasa, na ndiyo inayouza hizo "orijino" zote. Watoto wa 1994 waliimba kwa sababu mtu mzima fulani aliwafundisha kwamba kitu kilichotengenezwa ni kitu cha maskini, na kitu kipya kutoka nje ni cha mtu aliyefanikiwa. Tumekua na digrii zetu, tumenunua magari ya babu zetu, na bado tunaimba wimbo ule ule kwa kutumia grainda.

Nisijitoe. Tulipoagiza vioo na raba za milango kutoka Uingereza, tulilipa bei yao, tukalipa usafiri, tukalipa ushuru, wala hatukukohoa. Wiki hiyo hiyo fundi wetu alitaka elfu thelathini kwa siku ya kunyoosha bodi. Mimi, huyu mtetezi wa mafundi unayemsoma, nilimshusha mpaka elfu ishirini na tano. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Huyo fundi ndiye aliyetumaliza. Jumamosi moja tulijikuta sote wawili gerejini, kila mtu amekuja kivyake. "Shikamoo Mzee," tukaamkia, kama watoto waliofumaniwa. "Marahaba wanangu." Akaendelea kusafisha plagi. Mwishowe rafiki yangu akamwambia, "Mzee, tuamulie. Hiki kiraka, kikatwe au kibaki?"

Mzee hakuinua kichwa. "Kibaya hicho," akasema. "Kikatwe. Nilikiweka mimi."

Tulinyamaza. Akatueleza kwamba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, bado anajifunza, na aliyemfundisha alikuwa anaumwa siku hiyo. Bwana shamba alikuwa na safari ya usiku. Bati lilikuwa la pipa, kabaidi ilikuwa imebaki ya kukoroga mara moja tu, na kingo zile zilijikunja kwa sababu gesi ilikwisha kabla hajamaliza. Kwa miaka mingi, kila gari lilipopita alikiangalia kiraka chake, akakichukia.

"Mbona hukusema, Mzee?" nikamuuliza.

"Hamkuniuliza."

Tafadhali lichukue neno hilo, kwa sababu ndilo lililoivunja hoja yangu na ya mwenzangu kwa pamoja. Tuligombana majuma sita juu ya mkono wa mtu aliyekuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu, akishika spana, akilipwa pungufu. Yeye alitaka kuifuta kazi ya Mzee bila kumuuliza, nami nilitaka kuiweka kwenye kioo bila kumuuliza. Heshima yangu ilikuwa nusu ya heshima. Nilimheshimu fundi aliyekufa akilini mwangu kuliko yule aliye hai.

Basi hatukuagiza ukuta kutoka Uingereza. Mzee alikata kiraka chake mwenyewe, akatuma kijana akanunue bati jipya mjini, akalikunja na kulichomelea kwa siku mbili. Nilimwomba aache alama za kuchomelea zionekane, ili watu wajue. Alinitazama kama mtu aliyeniona mara ya kwanza. "Nizisage laini," akasema. "Sasa najua kazi." Akazisaga. Ukipitisha kidole huhisi kitu. Tulimlipa elfu thelathini kwa siku, na zile elfu tano za nyuma nilizirudisha. Alizihesabu mbele yangu bila kutabasamu.

Ninalotaka kwako wewe unayefufua gari, au utakayefufua kesho, ni mambo machache. Kabla hujang'oa kitu, uliza kiliwekwa na nani na kwa nini. Kama aliyekiweka yuko hai, mtafute, maana mafundi wa miaka ile wanazeeka na hakuna anayewaandika. Badilisha kile kinachoweza kuua. Kilichobaki, kabla ya kuagiza nje, mpe fundi nafasi ya kukifanya vizuri zaidi, kwa bei ambayo ungemlipa mgeni bila kunung'unika. Na ukimaliza, ukiweka picha za gari lako mtandaoni, weka jina la fundi kabla ya jina lako.

Sisi tumenunua daftari la kurasa 96. Linakaa kwenye rafu iliyo mbele ya dereva, ndani ya mfuko wa nailoni. Tumeandika kila tulichokikuta, kilipokuwa, na tulichokifanya nacho. Mzee alilisoma ukurasa kwa ukurasa, miwani puani, akatusahihisha mahali pamoja. Kwenye kiraka tulikuwa tumeandika 1984. Akakata kwa kalamu akaandika 1985, na pembeni: masika.

Kiraka cha zamani alikichukua rafiki yangu, kimefungwa kwenye gazeti. Sijamuuliza amekipeleka wapi.

Gari halijatembea bado, klachi inatusumbua. Likitembea tumekubaliana safari ya kwanza ni kwenda mpaka kwenye ule mti karibu na shule. Mwenzangu anasema tutalipitisha hapo bila kusimama, tuingie nalo getini.